Kitambulisho, mto na barabara: namna ya kufika Garissa

Mwezi huu nimepata barua pepe kadhaa zenye swali moja. Kila aliyeandika amealikwa kwenye kongamano Garissa, katika chuo kikuu kilichopo pale mjini, na kila mmoja anauliza: ndugu, huko kunafikiwaje? Mmoja wao, mtu wa kompyuta kama mimi, amesema amezunguka mtandaoni saa nzima akitafuta maelezo ya msafiri na alichopata ni habari za mashambulizi tu na utabiri wa hali ya hewa.

Basi jibu fupi ni hili. Garissa iko kilomita kama 370 mashariki ya Nairobi. Barabara ni ya lami na inapita Thika, Matuu, Mwingi, Nguni na Ukasi, halafu inashuka kwenye tambarare ya vichaka mpaka Madogo. Pale utavuka daraja la mto Tana, na ng'ambo ya pili umeshafika. Mabasi mengi yanaondokea Eastleigh, na ukiondoka asubuhi mapema unakula chakula cha mchana Garissa. Beba maji, vaa nguo nyepesi lakini za heshima, na usisahau kitambulisho. Kabla ya kukata tiketi uliza habari za mto. Pia soma tahadhari za usalama za wiki hiyo.

Kama una haraka unaweza kuishia hapo. Asiye na haraka namkaribisha tuendelee, maana katika maelezo hayo kuna mambo matatu ambayo hutayakuta kwenye karatasi ya wageni wa kongamano la Kampala au Dodoma: kitambulisho, mto na tahadhari. Kila kimoja kina historia yake, na mimi naona mtu anayekwenda kuzungumza kwenye chuo kile aijue kabla hajapanda basi.

Nianze na kitambulisho.

Zamani kabla ya serikali ya kikoloni njia ya huku ilikuwa mto wenyewe. Wapokomo, Waorma na Wamunyoyaya waliishi kando ya Tana, na wafugaji Wasomali walileta mifugo kunywa maji upande wa mashariki. Mjerumani Carl Peters alipita akipanda na mto huu mwaka 1889, akidai anakwenda kumwokoa Emin Pasha, na watu wa kando ya mto wakamwona kwa bunduki zake kuliko kwa salamu. Wakati ule swali la msafiri lilikuwa maji, chakula, na nani mwenye eneo. Karatasi haikuwepo.

Karatasi ililetwa na Waingereza. Mwaka 1902 walitunga sheria ya wilaya za mbali iliyompa mtawala uwezo wa kutangaza wilaya nzima kuwa imefungwa: hakuna kuingia wala kutoka bila kibali. Eneo lote la kaskazini, lililokuja kuitwa Northern Frontier District, likaingia chini ya sheria hiyo. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalumu, iliyowaruhusu maofisa kukamata na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la wachache, na kuwaambia watu wakae wapi na wachunge wapi.

Wenzangu mnaotunza seva mtaelewa haraka. Kuna namna mbili za kulinda mtandao. Unaweza kuwaruhusu wote, kisha ukawazuia wabaya unaowajua. Au unawazuia wote, kisha unawaruhusu wachache walioandikwa kwenye orodha. Nairobi, Kisumu na Mombasa ziliendeshwa zaidi kwa namna ya kwanza (ingawa Mwafrika na kipande chake shingoni angekuwa na la kusema hapo, na mimi simbishii). Kaskazini iliendeshwa kwa namna ya pili, kwa zaidi ya nusu karne. Mfanyabiashara, mmishenari, mwalimu, hata mwanasiasa, wote walihitaji kibali. Ndiyo maana serikali ilipotaka kumficha Jomo Kenyatta mahali asipoweza kutembelewa, ilimpeleka kaskazini kame, Lokitaung na baadaye Lodwar. Huko Turkana nako kulikuwa kumefungwa vivyo hivyo. Gereza halikuhitaji ukuta mrefu, kwa kuwa wilaya yenyewe ilikuwa ukuta.

Matokeo yake mnayajua hata kama hamjafika. Mahali pasipofikiwa hapajengwi barabara, na mahali pasipo na barabara hapafikiwi. Wazee wa huko wakisafiri kwenda Nairobi walikuwa wakisema wanakwenda Kenya, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Baada ya uhuru, waraka wa serikali namba 10 wa mwaka 1965 ukasema fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yatakayozalisha haraka, yaani yenye mvua na reli. Sitasema ulikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba ukimpa mtu aliyefungiwa miaka sitini mtihani wa nani amekwenda mbali zaidi, majibu unayo kabla ya kusahihisha.

Mwaka 1962 tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, ilizunguka wilaya hizo kuwauliza wananchi wanataka nini Kenya ikijitawala. Wasomali wengi walisema wanataka kuungana na Somalia. Uingereza ikaamua eneo libaki Kenya, likafanywa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na London mwezi Machi 1963. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huo. Tarehe 28, yaani siku 16 baadaye, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Vita vya shifta vikaanza, watu wakakusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, ngamia wakauawa kwa maelfu, na ukanda wa mpakani ukawa mahali pa kupigwa risasi ukionekana. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia, yalimaliza vita baina ya serikali mbili. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka Novemba 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku ilipotangazwa alikuwa na miaka karibu 28 ilipokwisha, pengine na watoto wake.

Katikati ya miaka hiyo kuna Novemba 1980. Baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliingia mtaa wa Bulla Kartasi, nyumba zikachomwa na wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa uwanjani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari hizo kwenye ripoti yake ya mwaka 2013, pamoja na za Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Ukitoka kwenye ukumbi wa kongamano ukakutana na mzee wa miaka sabini hivi, jua kwamba alikuwepo.

Halafu Novemba 1989 ikaja amri nyingine. Kila Msomali raia wa Kenya aliyetimiza miaka 18 ahakikiwe upya, na akipita apewe kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Hebu fikirieni: raia anabeba karatasi ya kuthibitisha kwamba karatasi yake ya kwanza ni ya kweli. Kwa lugha ya kazi yetu, mfumo uliokuwa unamtambua mtu ulikuwa haujiamini, na gharama ya kutojiamini kwake akalipishwa mtumiaji.

Kadi ile imekwisha, lakini njiani bado utaona kivuli chake. Nimepita njia hii mara kadhaa. Kizuizi kinakuja, askari anapanda, vitambulisho vinatolewa. Changu kinatazamwa sekunde mbili na kurudishwa. Cha abiria wa kiti cha mbele yangu kinapinduliwa, kinaangaliwa kwenye mwanga, anaulizwa alikozaliwa na jina la chifu wake, wakati kadi zetu zimetoka ofisi moja. Kwa hiyo mgeni wa kongamano akiambiwa beba kitambulisho, ajue kwake ni jambo la kutosahau tu. Kwa mwenzake wa kiti cha mbele ni mtihani.

Sasa chuo. Miji yenye vyuo vya kale, kama Bologna ya Italia, ina vitabu vizima vya kuwaongoza wageni. Lakini kuna jambo moja la Bologna linalosahaulika. Katika miaka ya 1150 Kaizari Frederick wa Kwanza aliwapa wanachuo ulinzi wa kisheria unaojulikana kwa jina la Kilatini Authentica Habita. Haukuzungumzia mitaala wala shahada. Kiini chake kilikuwa usalama wa safari: mtu anayetoka kwao kwenda kusoma asafiri na kuishi ugenini bila kuguswa, wala asikamatwe kwa deni la mtu mwingine wa nchi yake. Yaani chuo kikuu cha Ulaya, kabla hakijawa majengo, kilikuwa barabara iliyohakikishwa.

Kaskazini mashariki ya Kenya haikuwa na chuo kikuu cha umma mpaka 2011. Mwaka huo kilichokuwa chuo cha ualimu Garissa kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Watu wengi hawajui kwamba wanafunzi wengi wa mwanzo hawakuwa wa Garissa. Walitoka Kisii, Meru, Bungoma, Kitui, kila pembe, kwa kuwa serikali inawagawa wanafunzi kitaifa. Kwa mara ya kwanza tangu 1902 barabara ya Garissa ilikuwa inapeleka vijana wa bara kwa mamia, wenye mabegi na magodoro, na waliokuwa wakienda huko walikuwa wanafunzi badala ya askari au wachuuzi. Mimi naona hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko tangazo lolote la Nairobi.

Mwaka 2015 ndio unaojulikana duniani. Nitauandika kwa upande wa taarifa za safari, kwa sababu ndio upande niliouchagua leo.

Mwishoni mwa Machi 2015 Uingereza ilibadilisha tahadhari yake kwa wasafiri ikiwaonya raia wake kuhusu sehemu kadhaa za Kenya, Garissa ikiwemo. Wiki hiyohiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipewa tangazo kwamba vyuo vikuu vinaweza kulengwa. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akazipinga tahadhari za nchi za nje, akasema Kenya ni salama kama nchi yoyote. Mjadala mzima ulikuwa wa watalii na hoteli za pwani. Hakuna aliyesimama kuuliza: na huyu mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeko Garissa, tahadhari yake inatolewa na nani?

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili, Alhamisi, kama saa kumi na moja na nusu, watu wanne wenye silaha wa al-Shabaab waliingia chuoni. Mabweni yalikuwa na wanafunzi waliolala na wengine walikuwa kwenye sala ya asubuhi. Kikosi maalumu cha polisi kilichoko Nairobi kilipata taarifa asubuhi ileile. Kikafika Garissa kwa ndege karibu saa nane mchana. Waandishi wa habari walioondoka Nairobi kwa gari, kwa barabara ileile niliyoieleza juu, walikuwa wameshafika. Kikosi kilipoingia jioni, kazi iliisha kwa muda mfupi sana. Waliokufa mikononi mwa washambuliaji ni 148, na kati yao wanafunzi ni 142.

Kilomita 370. Miaka mia moja ya kuambiwa Garissa ni mbali, na siku ile umbali ukapimwa kwa saa.

Miili ilipelekwa Nairobi, chumba cha maiti cha Chiromo, na wazazi wakakusanyika uwanja wa Nyayo kusubiri habari za watoto wao. Wengi hawakupewa orodha yoyote. Hapo ndipo watu wa mtandao walipofanya kitu ambacho bado nakikumbuka. Kwenye Twitter, Ory Okolloh, mmoja wa walioanzisha Ushahidi mwaka 2008, alianzisha alama ya kukusanya majina na picha za waliokufa, ikisema kwamba 147 si nambari tu (hesabu ya 148 ilikuja baadaye). Watu wakaandika: huyu alikuwa anasomea ualimu, huyu alipenda kuimba, huyu ni wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Orodha ambayo ofisi ilipaswa kuitoa ilijengwa na watu wenye simu. Haikuwa na muundo mzuri, haikuwa na seva yake, majina mengine yalirudiwa, lakini ilikuwa inasema ukweli mmoja: hawa walisafiri kutoka kwao kwenda kusoma.

Kilichofuata kilikuwa kufunga tena. Kaunti za kaskazini mashariki na Tana River zikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Kampuni 13 za kutuma fedha, zile ambazo familia za Wasomali hutegemea kupokea msaada kutoka kwa ndugu walio Minneapolis, London na Dubai, zikasimamishwa mwezi huohuo wa Aprili, na hazikuruhusiwa tena mpaka Juni. Wanafunzi waliosalimika wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Wapo waliosema chuo cha Garissa kifungwe moja kwa moja. Kingefungwa, washambuliaji wangekuwa wamefanikisha kile ambacho sheria ya 1902 ilikuwa ikifanya kwa kibali.

Hakikufungwa. Januari 2016 milango ilifunguliwa tena, na kituo cha polisi kikawekwa ndani ya eneo la chuo. Waliorudi mwanzoni walikuwa wachache, wengi wakiwa wenyeji wa mji. Oktoba 2017 chuo kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, kinachojitegemea. Wageni wanaokialika kongamano leo ni hao: watu waliokataa kufunga. Ukikaguliwa getini mara mbili na begi lako likafunguliwa, usinung'unike.

Niongeze neno kuhusu barabara za mbele zaidi, maana kongamano likiisha wapo wanaotaka kuendelea Dadaab, kilomita kama 100 hivi kutoka Garissa, au Wajir na Mandera. Hiyo si safari ya kujipangia mwenyewe kwa ramani ya simu. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na abiria 28 wakauawa baada ya kutengwa kwa dini. Desemba 2015 basi jingine likasimamishwa kaunti hiyohiyo, na washambuliaji wakataka Wakristo watengwe. Safari hii abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao mitandio ya kujifunika, na wakaambiana kwamba wauawe wote au waachwe wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akikataa, akafariki Januari 2016. Basi ukienda huko, nenda na wenyeji waliokualika, msafara wao ukiwa na ulinzi, na wao ndio waamue siku.

Turudi kwenye kitambulisho, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu ya programu inapoingia moja kwa moja.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991 Somalia ilipoanguka. Ukame ulipobana, familia za Wakenya wa Garissa ziliona kwamba upande mmoja wa uzio kuna chakula, matibabu na shule, na upande wao hakuna. Wengine wakajiandikisha kama wakimbizi. Watoto wakaandikishwa, na alama za vidole zikachukuliwa. Miaka ikapita, mtoto akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho cha Kenya. Mashine ikasoma kidole, ikamkuta kwenye kanzidata ya wakimbizi, ikasema: huyu si raia. Makadirio yanayotajwa sana ni watu kama 40,000 waliokwama hivyo. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, huingii chuo kikuu na hupiti kizuizi cha barabarani. Wapo vijana wa Garissa wasioweza kusafiri kwenda Nairobi kuhudhuria kongamano, huku wewe ukitoka Nairobi kwenda kwao.

Hebu tulitazame kama mafundi. Alama ya kidole ilifanya kazi yake sawasawa. Ilisema kweli kwamba kidole hiki na kile ni kimoja. Tatizo ni safu iliyo pembeni yake, ile iliyoandikwa "mkimbizi", ambayo ilijazwa na mtoto wa miaka mitano mwenye njaa, kwa mkono wa mzazi wake, halafu ikachukuliwa kuwa ukweli wa milele. Aliyesanifu hakuweka njia ya kusahihisha. Nimefanya kazi na kanzidata miaka mingi, na nawaambia hakuna jambo gumu kiufundi katika kubadilisha safu moja. Ugumu ni nani mwenye ruhusa ya kubonyeza, na kwa nini hataki. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kamati za uhakiki, mahakama, na kusubiri.

Mwezi Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada uliokuwa ukifanyiwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Wapo waliolisifu na wapo waliolipinga kwa hoja za usalama. Mimi nalihesabu hivi: kutoka 1902 mpaka 2025 ni miaka 123. Kama sheria ile ingekuwa programu, ingekuwa imeandikwa upya mara nyingi, kila mara kwa lugha mpya, na mstari wa kwanza wa kuzuia wote ukinakiliwa bila mtu kuuliza unafanya nini. Kufuta mstari ni rahisi. Kuhakikisha nakala zake hazipo kwenye kila ofisi ya chini ndiyo kazi.

Nimebakiza mto.

Daraja la Garissa ndilo mlango wa mji. Upande wa magharibi ni Madogo, kaunti ya Tana River, na upande wa mashariki ni Garissa. Maji ya Tana yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, yanapita mabwawa ya umeme, la Masinga (1981) likiwa kubwa na la juu kuliko yote. Mvua ikizidi milimani na Masinga likijaa likamwagika, Garissa inafurika siku kadhaa baadaye, hata kama pale mjini halijadondoka tone. Hilo ndilo linalowashangaza wageni. Anatazama utabiri wa Garissa, anaona jua kali, anapanda basi, anakuta barabara imekuwa ziwa. Tazama utabiri wa Nyeri na Murang'a, na habari za bwawa la Masinga.

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara hii karibu na daraja, watu wakavushwa kwa boti. Tarehe 9 Aprili 2024 basi lilisombwa na maji njiani kabla ya kufika Garissa, na abiria 51 wakaokolewa wakiwa wamepanda juu ya paa. Tarehe 28 mwezi huohuo boti iliyokuwa ikivusha watu Kona Punda, upande wa Madogo, ilizama. Watu 23 waliokolewa, na wengine kadhaa wakafa. Ramani ya kwenye simu siku hizo iliendelea kuonyesha mstari wa bluu kutoka Nairobi mpaka Garissa bila wasiwasi. Ramani inajua lami, haijui maji. Anayejua maji ni dereva wa basi la jana. Basi piga simu kwa ofisi ya basi uulize gari la jana limefika saa ngapi. Hiyo ndiyo huduma bora ya taarifa za barabara niliyowahi kuitumia huko, na haina haja ya programu yoyote.

Njiani kuna malaga, yaani makorongo ya mchanga ambayo mwaka mzima ni makavu na siku moja ni mito. Dereva akisimama mbele ya laga lenye maji na abiria wakaanza kupiga kelele apite, wewe uwe upande wa dereva.

Ukishavuka daraja, mambo ni mepesi kuliko ulivyoogopeshwa. Joto ndilo litakalokupokea. Unashuka kutoka Nairobi iliyo mita 1,700 juu ya bahari hadi mji ulio chini ya mita 200, na miezi ya joto huzidi nyuzi 35. Tuktuk zitakufikisha popote. Chai ni ya maziwa na viungo, anjera ni ya asubuhi, na nyama ya ngamia isikutishe. Maziwa ya ngamia yaliyotiwa moshi yana ladha ya kuzoea, kunywa kidogo kwanza. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki, na kwa mtu wa mifumo ni darasa: bei zinapatanwa, dhamana inawekwa, malipo yanakwenda kwa simu mpaka ng'ambo ya mpaka, na aliyeandika kwenye karatasi simuoni. Kwa wapenda wanyama, twiga wa Bour-Algi wako jirani tu na mji. Nje ya mji upo pia mtambo wa umeme wa jua wa megawati kama 55, uliozinduliwa Desemba 2019. Yule ndugu mwenye makala ya umeme wa jua aombe wenyeji wake wampeleke.

Ijumaa mchana usipange mazungumzo. Mwezi wa Ramadhani ratiba zote zinahamia usiku, na wenyeji watakufuturisha hata kama hukufunga. Picha piga baada ya kuomba ruhusa, na daraja, askari na vizuizi usivipige kabisa.

Kuhusu tahadhari za usalama: soma za balozi, lakini ujue zinaandikwa kwa ajili ya raia wao na kampuni zao za bima. Mpigie simu mtu wa chuo aliyekualika umuulize wiki hii hali ikoje. Yeye anaishi pale na watoto wake. Akikuambia ahirisha, ahirisha. Akikuambia njoo, kata tiketi ya gari la asubuhi. Kitambulisho weka mfuko wa shati. Kabla ya kufika Garissa utakitoa zaidi ya mara moja.